Alichomeza Phares

Kayole, kwenye ngazi za ploti yako
Jumatatu, 3 Machi 2025

Wifi Mbithe,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima na biashara inakwenda vizuri. Sisi huku hatuko sawa, ndiyo maana nimekuja kubisha mlangoni kwako baada ya miaka mingi hivi. Nilisikia redio ikizimwa, lakini mlango haukufunguliwa. Sikulaumu. Hata simu yangu haiingii kwako. Nafikiri uliizuia kitambo. Aweys wa duka la hapa chini ameniuzia karatasi na kuniazima kalamu, na amesema atakupelekea barua zangu nyingine kama tutaandikiana.

Seth ni mgonjwa. Ni yule Seth wangu uliyekuwa ukimbeba mgongoni akiwa mdogo, mimi nikienda kazini. Sasa ni kijana wa miaka ishirini, mwanafunzi wa ualimu. Tangu Januari tumbo lake limekuwa likivimba. Tulidhani ni minyoo, kisha tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Mwishowe walikata kinyama kidogo wakapima, wakasema ni limfoma, saratani ya tezi, na ya aina ile inayokua kwa siku, si kwa miezi.

Daktari wake, Daktari Warigia, anasema inatibika. Lakini anasema dawa ile ile humkubali mtu mmoja na kumkataa mwingine, kwa sababu ya vitu tunavyozaliwa navyo kwenye damu. Akatuuliza kama katika ukoo wetu kuna mwanamume aliyewahi kumeza dawa macho yakageuka manjano au akakojoa mkojo mweusi. Mama akasema hakuna. Kaka yangu Javan akasema hakuna. Mimi nilimkumbuka Phares nikanyamaza. Walipotoka nilimfuata daktari kwenye korido nikamwambia nina ndugu aliyekufa hivyo mwaka wa 2007.

Akaniuliza, "Mkojo uligeuka kabla hajameza dawa au baada? Na ilikuwa dawa gani?"

Nikamwambia sikuwepo. Ni wewe mkewe uliyekuwa naye nyumbani.

Kwa hiyo nakuuliza, wifi. Siku zile za mwisho Phares alikula nini, na alimeza nini? Nakuomba unijibu upesi.

Wifi yako,
Phelister


Gikomba
4 Machi

Phelister,

Salamu zimefika. Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Namwombea Seth apone, na hilo nalisema kwa moyo safi. Usilichanganye na haya mengine.

Phares alikula nini. Unakumbuka nani aliniuliza swali hilo mara ya kwanza? Ni wewe. Kule kwenu Butere, jeneza liko mbele yetu, watu wamejaa chini ya hema. Ulinishika bega ukasema, "Mbithe, ulimpa nini ndugu yangu? Alikula nini?" Na mimi nikajibu ukweli, kwamba alipata homa, kisha akakojoa mkojo mweusi. Sikumaliza. Javan alisimama akawaambia waombolezaji, "Mmesikia wenyewe? Mkojo mweusi. Hiyo ni dawa ya kwao Ukambani." Wewe ulikuwa umesimama pale pale. Hukusema neno.

Nilitoka Butere na nguo nilizovaa. Niliporudi Kayole nilikuta kufuli mpya mlangoni, na Javan ameshabeba vyombo, kitanda, hata sufuria.

Sasa jambo lile lile mlilonifukuzia, leo mnalitaka mtibu mtoto wenu nalo.

Andika kwamba sikumuua Phares. Javan atie sahihi na mama yako atie kidole. Nikiiona hiyo karatasi nitakuambia alimeza nini. Kama hamuwezi, si hospitali ina mashine? Wampime Seth damu.

Mbithe,
mjane wa Phares


Hospitali
5 Machi

Wifi Mbithe,

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya maabara, nikaisoma tena. Shikamoo sikuamkii kwa sababu tu rika, lakini leo ningekuamkia.

Yote uliyoandika ni kweli. Nilisimama pale na sikusema neno.

Kuhusu damu, walimpima. Kipimo kilirudi kikisema yuko sawa, lakini daktari hakiamini. Seth alipofika hapa alikuwa mweupe kama karatasi, wakamwongezea damu. Daktari alinieleza polepole kama anayefundisha mtoto: "Mama Seth, damu iliyomo mwilini mwake sasa nyingi si yake. Nikipima, napima damu ya watu waliomchangia." Kuna kipimo kingine kinachosoma jeni zenyewe, lakini hicho kinapelekwa mbali na kinachukua wiki. Hatuna wiki.

Hatari iko hivi. Uvimbe wake unakua haraka na kufa haraka. Ukifa unamwaga taka kwenye damu, na taka hizo zinaziba figo. Wakianza kemo, dawa za kuua saratani, zitamwagika zaidi. Kuna dawa ya kuzisafisha kwa muda mfupi sana, na Javan amehangaika hadi ameipata. Kwa watu wengi ni dawa nzuri. Lakini kuna wanaume wanaozaliwa bila kinga fulani ndani ya chembe nyekundu za damu, na wengi wao wanatoka pande zetu za malaria. Hao wakipewa dawa hiyo chembe zao zinapasuka. Mkojo unakuwa mweusi, macho manjano, na mtu anaweza kufa kwa siku chache. Kuna dawa nyingine za kawaida, hata za malaria, zinazowafanyia hivyo hivyo. Hali hiyo mwanamume huirithi kwa mama yake. Kama Phares alikuwa nayo, aliitoa kwa mama yetu, na mimi naweza kuwa nimeipokea nikampa Seth.

Umeona kwa nini nakusumbua?

Sasa kuhusu karatasi. Nilimwambia Javan. Alinijibu kwamba jina lako likitajwa tena karibu na kitanda cha Seth, yeye na mimi tumemalizana. Mama aligeukia ukutani. Kwa hiyo nimebaki mimi peke yangu, na mimi siwezi kuandika kwamba najua hukumuua, kwa sababu sikuwepo na sijui. Ningeweza kuandika uongo ili nipate jibu, lakini wewe ungeisoma ukajua ni uongo wa mtu anayezama. Ninachoweza kuandika ni hiki: nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nimetia sahihi hapa chini.

Daktari anasubiri. Kwa sasa anampa dawa nyingine inayofanya kazi polepole na maji mengi ya dripu, lakini figo zinaanza kuchoka.

Phelister Likhanga,
wifi yako


Hospitali
Ijumaa, 7 Machi

Wifi,

Aweys ameniambia barua yangu uliichukua mwenyewe. Hujajibu.

Miguu ya Seth imevimba. Tangu asubuhi amekojoa kidogo sana. Daktari ameniambia ukweli: "Bila habari yoyote kutoka kwenu, hatari ya figo ni kubwa kuliko hatari ya damu. Kesho asubuhi nitampa ile dawa ya haraka."

Sina tena la kukuahidi. Kama una neno, liseme leo.

Phelister


Kayole
7 Machi, alasiri

Phelister,

Sikukunyamazia kwa ubaya. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Miaka hii yote nimejizuia kuzikumbuka siku zile, na huwezi kuzikumbuka nusu.

Msomee daktari hapa.

Phares alirudi kutoka kazini Jumamosi akiwa na homa na kutetemeka. Jioni hiyo mkojo wake ulikuwa wa kawaida. Najua kwa sababu tulikuwa tunatumia ndoo, choo cha ploti, cha wapangaji wote, kilikuwa kimeziba. Jumapili asubuhi nilienda duka la dawa nikanunua vidonge vya malaria. Jina lilikuwa refu, na mwishoni lilikuwa na "dapsoni". Nalikumbuka kwa sababu Phares alilisoma kwa sauti akacheka, akasema linafaa kuwa la mshambuliaji wa timu ya taifa.

Kabla ya kumeza aliviangalia akasema, "Mama angeniona sasa angelia. Nikiwa mdogo hakukubali nimeze kidonge chochote cha hospitali. Ilikuwa mitishamba tu. Eti siku moja walinipa shuleni nikageuka manjano kama ndizi."

Nikamwambia, basi tusubiri. Akasema, "Huo ulikuwa ushamba, Mbithe. Lete maji."

Akameza Jumapili, akameza Jumatatu. Jumatatu usiku akaanza kulalamika mgongo. Jumanne asubuhi mkojo ulikuwa mweusi kama kokakola na macho yamegeuka manjano. Nilimpigia Javan simu, akasema nimpe maji ya limau. Nikampeleka kliniki. Wakasema ni homa ya matumbo wakamwekea dripu. Alikufa Alhamisi. Ulimi wake ulikuwa mweupe kabisa, hauna damu.

Kwa hiyo ni baada ya dawa. Baada. Na si mara ya kwanza. Muulize mama yako kuhusu vile vidonge vya shuleni.

Barua hii nimeileta mwenyewe hadi wadini, na maneno haya naongezea hapa nje. Nimemwona Javan kupitia mlangoni, amekaa kando ya kitanda. Nimeshindwa kuingia. Nampa nesi.

Mbithe


Tassia
Jumapili, 16 Machi

Wifi yangu Mbithe,

Nakusalimu sana. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sijapata nafasi ya kukaa chini na kuandika hadi leo, na najua umekuwa ukingoja kusikia.

Nesi aliniletea barua yako Javan akiwepo. Akaona mwandiko akauliza, "Ni yule?" Nikasema ndiyo. Akasema ichanwe. Nikaisoma kwa sauti pale pale, yote, pamoja na ile sehemu ya limau.

Javan akasimama. "Mtu aliyemuua mmoja sasa anataka kutuchagulia dawa ya mwingine? Dawa nimeitafuta mji mzima! Daktari, mpe kijana dawa."

Daktari Warigia akaichukua barua akaisoma mwenyewe. Akarudia mahali fulani. Kisha akamgeukia Mama. "Nyanya, hii habari ya vidonge vya shuleni ni kweli?"

Mama akasema, "Sikumbuki."

"Nyanya, nikikosea hapa hakuna kurudi nyuma."

"Nimesema sikumbuki."

Seth alikuwa amefumba macho, tulidhani amelala. Akasema, "Daktari, mwili ni wangu, si ndiyo? Mimi nimefikisha miaka."

"Ni wako."

"Basi usinipe." Akanigeukia mimi. "Mathe, huyo Anti hakuwa na haja ya kuandika vile alinunua dawa yeye mwenyewe. Mtu muongo angeruka hapo. Javan, uncle, pole, najua umesaka hiyo dawa. Lakini mi siitaki."

Javan akatoka. Mlango wa wadi ulipojifunga, Mama akaanza kulia, kulia kule kwa wazee kusiko na sauti. Akasema shuleni ni kweli, Phares aligeuka manjano. Na kwamba kabla ya Phares alizaa mvulana mwingine ambaye hatukuwahi kuambiwa. Aligeuka manjano akiwa na siku chache akafa. Mamake baba yetu akasema hadharani kwamba damu ya Mama ina ubaya, inaua watoto wa kiume. "Nikaapa hakuna atakayelisikia hilo tena," Mama akasema. "Phares alipokufa nilijua ni lile lile. Nikaona watu wanamwangalia Mbithe, nikawaacha wamwangalie yeye."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nimeona nikuandikie neno lake lilivyo, bila kulipamba.

Daktari hakumpa ile dawa. Figo zilisimama Jumapili iliyopita, wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Nilikaa nikiitazama ile mashine nikijiuliza kama tumemuua kwa kukataa dawa. Nilikulaani, wifi, acha nisikufiche. Halafu nikamlaani Mama, kisha mimi mwenyewe. Siku ya tatu akakojoa. Nesi alikuja mbio na chombo mkononi akinionyesha kama anayeonyesha mtoto aliyezaliwa. Mkojo wa manjano, wa kawaida. Kemo imeanza, na hata ile dawa ya kuzuia nimonia wanayopewa wagonjwa wote wamembadilishia.

Bado hatujatoka. Lakini yuko hai, na ameniuliza Anti Mbithe anakaa wapi.

Naomba unijibu hata mstari mmoja.

Wifi yako,
Phelister


Tassia
21 Julai

Wifi Mbithe,

Salamu kwako. Nimekuandikia Aprili na Mei na Juni, na Aweys anasema barua zote anakupa mkononi. Sitauliza kwa nini hujibu. Naandika kwa sababu kuna jambo jipya.

Kipimo cha jeni kimerudi. Seth anayo ile hali. Mimi naibeba, na Mama bila shaka ndiye chanzo. Binti yangu Jacklyne naye anapimwa wiki hii. Daktari ametupa kadi ya dawa ambazo Seth hapaswi kumeza maisha yake yote, na ile dapsoni imo, na ile ya haraka ya Javan imo. Nilimuuliza, "Ungempa ile siku ingekuwaje?" Akasema, "Nisingependa kulifikiria hilo." Tumbo la Seth limerudi chini. Picha ya mwisho haikuonyesha uvimbe. Bado watamfuatilia, na daktari hataki tutumie neno kupona mapema, lakini nywele zimeanza kuota na amekuwa mkali kuhusu chakula.

Sasa ninajua, na kwa hiyo naweza kuandika. Mbithe hakumuua Phares. Phares alikufa kwa dawa ya malaria iliyokutana na damu aliyozaliwa nayo. Sisi tulimsingizia mkewe, tukamnyang'anya nyumba, tukamfukuza kwenye kaburi la mumewe. Nimetia sahihi. Mama ametia kidole. Javan amekataa, anasema yaliyopita yamepita. Sikutaka kumsubiri. Jumapili iliyopita niliyasoma maneno haya kanisani mbele ya watu wa kwetu wanaoishi Nairobi, wengi wao walikuwa Butere siku ile. Javan alitoka nje. Sijui kama tutazungumza tena naye.

Daktari alinichorea jinsi inavyopita. Mwanamke anayeibeba anaweza kumpa mwanawe au asimpe. Lakini mwanamume aliye nayo, kama Phares, wavulana wake hawaipati kwake kabisa, na wasichana wake wote wanaibeba. Akaniuliza Phares aliacha watoto wangapi. Nikamwambia hakujaliwa.

Ni hayo tu, wifi. Sikuombi kitu.

Phelister


Kayole
Jumamosi, 2 Agosti

Phelister,

Salamu kwako, kwa Seth, na kwa mama yako pia. Mimi ni mzima. Barua zako zote ninazo. Sikujibu kwa sababu sikuwa na uhakika unataka nini kutoka kwangu, na wewe ni mtu wa ile nyumba.

Karatasi niliisoma kule sokoni Gikomba nikiwa nimekaa juu ya belo la mitumba. Mteja aliniuliza bei ya koti mara mbili, akaondoka. Nilidhani nikiipata siku moja nitacheka, au nitaibandika ukutani. Nimeikunja tu nikaiweka kwenye sidiria. Siwezi kusema nimewasamehe. Mama yako alijua. Hilo litachukua muda, na Javan sitaki kumwona.

Lakini ulimwambia daktari jambo lisilo kweli, na sasa lazima nilirekebishe kwa ajili ya mtoto.

Nilipotoka Butere nilikuwa na mimba. Hata Phares hakujua, mimi mwenyewe nilikuwa sijawa na uhakika. Nilijua Javan akisikia atasema mtoto ni wa ukoo, atakuja kumchukua kama alivyochukua kitanda. Nikanyamaza nikahama, nikarudi Kayole baada ya miaka. Ni msichana. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Nililia siku nzima, kisha nikampa. Mtaani tunamwita Kasiva, jina la mamangu, lakini kwenye cheti ni Ayuma, kama mama yako. Yuko kidato cha nne. Ana meno ya Phares, na akicheka huwa natoka nje.

Sasa umeniambia wasichana wake wote wanaibeba. Kesho kutwa ataolewa, azae wavulana, waugue malaria, na mtu awape vidonge kama nilivyompa babu yao maji ya kumezea. Sitaki mkwe wa mtu amshike bega kwenye matanga amuulize alikula nini.

Niambie Daktari Warigia anaonekana siku gani. Nitamleta mtoto. Seth aje kama ana nguvu, natamani sana kumwona. Mama yako nitamwita mimi mwenyewe, wakati wangu.

Shule inafunga wiki ijayo. Mtoto anaamini baba yake hakuwa na ndugu. Akifika nitamkalisha nimwambie.

Mama Ayuma